Mgongo Wangu Umegusa Chini

Nateete, Kampala
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Kwako Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa, wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na mpaka leo ukiumwa kiuno unasema ni mimi.

Umeamkaje huko Uvira? Magoti yanakubali kushuka mpaka mtoni, au bado yanakuletea kiburi? Na lile jino la mbele, bado liko peke yake kama mlinzi? Nalo nalisalimia, sisi ni watu wa kazi moja.

Mimi niko mzima. Nakula, nalala, nacheka. Simu najua ipo, lakini simu inakula maneno, na wewe masikio yako yanakula yale yanayobaki. Ndiyo maana nimeomba barua. Anayeandika ni Mama Neema, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, jirani yangu hapa. Mimi nasema, yeye anaandika. Nilimwambia asiongeze chumvi, akanijibu hakuna nafasi ya kuongeza, nimeshaijaza yote mwenyewe. Na anayekusomea najua ni mkwe wako, mwalimu Bahati. Mwalimu, soma polepole, watu wakae kwanza. Mwite na Lukogo kama bado anatembea. Kuna mahali huko mbele utataka kuparuka. Usiparuke.

Yaya, bado nalinda geti la Hajji. Huyu Hajji babu zake walitoka pwani na biashara zao zamani sana, wakazaa hapa, wakazikwa hapa, na Kiswahili chake ni kile cha kunyooka mpaka nikiongea naye nafunga vifungo vya shati. Chini ana stoo ya mahindi na maharage. Juu ana ukumbi. Pembeni ya geti kuna chumba changu: kitanda, jiko la makaa, redio, na picha yako wewe na marehemu mama. Kazi na chumba ni kitu kimoja. Geti likinikataa, chumba nacho kimenikataa, na kwa umri huu sijui ni nani mwingine Kampala hii angenikubali.

Ule ukumbi wa juu walikuja kuupanga vijana wa mchezo mmoja, wanauita jujitsu ya Wabrazili. Nikuelezee. Wanavaa makoti mazito kama gunia, wanajifunga mikanda, wanalala juu ya magodoro membamba, halafu wanakumbatiana kwa hasira. Mmoja anamlalia mwenzake, anamkaba, anamkunja mkono. Yule wa chini akiona yamemfika haombi msamaha kwa mdomo. Anampiga mwenzake vikofi viwili vyepesi, pa pa, na hapo hapo anaachiliwa. Wanacheka, wanaanza tena. Siku ya kwanza nilidhani ni wagonjwa.

Mwalimu wao ni msichana, anaitwa Nakato. Ni pacha, yule wa pili kuzaliwa. Ni mwembamba, ukimweka kwenye mzani wa Hajji pamoja na kuku wawili, mzani bado unauliza mzigo uko wapi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili amekipata kambini, na ukimsalimia unasikia kama amekuamuru upone.

Sasa mimi unanijua. Watu wanashuka ngazi wamechoka, wanakaa pale getini kungoja boda, mimi nitanyamaza vipi? Niliwaambia wao wanacheza, mieleka tulipiga sisi. Niliwaambia habari ya Lukogo, nilivyomrusha kwenye mchanga wa mto Mulongwe, na kwamba alipokuwa hewani alipata muda wa kuwaaga wazazi wake. Niliwaambia habari ya yule mbeba magunia wa bandarini, aliyeshuka chini akazama mpaka kiunoni, ikabidi tumng'oe kama muhogo. Na nikawaambia lile neno langu, unalolijua wewe kuliko mtu yeyote: kwamba Uvira nzima hajazaliwa aliyeuona mgongo wangu una mchanga. Wakaanza kuniita Jjajja, ndiyo babu kwa lugha ya hapa, na wananiletea chai. Mambo yalikuwa mazuri.

Halafu akaja mwizi.

Ilikuwa mchana, jua kali, saa ile ya watu kusinzia. Akaingia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya mwanafunzi mmoja. Nilimkamata, Yaya, hilo hata Hajji halikatai. Nilimkamata shati, tukavutana, tukaanguka. Unakumbuka sheria ya kwetu: mgongo ukigusa mchanga umekwisha, nenda kajipanguse. Ndiyo maana mtu wa kwetu akianguka anageuka hewani kama paka, anaangukia tumbo. Basi mwili ukakumbuka ujana. Nikageuka, nikalala kifudifudi, na nikajivuna hapo hapo chini kwamba mgongo wangu ni safi. Mwizi akaukalia huo mgongo safi kama mtu aliyepewa kiti. Akanikaba shingo. Nilikuwa siwezi kumwona, siwezi kumshika, naona mchwa tu. Wabebaji wa mahindi walipotoka stoo alikimbia akaacha baiskeli, lakini Hajji alikuwa amesimama kwenye mzani wake na ameona yote.

Kesho yake akaniita. Hakunifokea. Angefoka ningejua la kufanya. Aliongea taratibu.

"Mzee wangu, umenilindia miaka mingi," akasema. "Jana mwizi alikukalia. Na wewe ulikuwa unamwambia kitu. Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilimwambia hajanishinda," nikasema.

Akaangalia chini, nadhani alikuwa anaficha kicheko, au huruma, na huruma ni mbaya zaidi. Akasema ameamua kutafuta kijana. Mwezi ukiisha, nimwachie chumba.

Yaya, mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Nilianza kuangalia kile kitanda nikijiuliza kitapita vipi kwenye ule mlango, na kikishapita kiende wapi. Kumbe Nakato alikuwa anashuka ngazi na amesikia. Akaja akasimama kati yetu, amefika kifuani kwangu tu.

"Hajji, shida si uzee," akasema. "Muzee alianguka vibaya. Hiyo inafundishwa."

"Anafundishwa mtu wa miaka sabini?"

"Nipe hii mwezi yote. Mwisho wake weka mtu juu yake. Akitoka, anabaki na geti yake. Akishindwa, mimi mwenyewe nitabeba kitanda yake."

Hajji anapenda sana mpira na mashindano yote, hata ya majogoo. Akafikiri, akakubali. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nikapewa koti la gunia. Mama Neema aliponiona nimelivaa alilazimika kushika mti. Anacheka hata sasa anapoandika, ukiona herufi zinaruka ni yeye, si mimi.

Siku ya kwanza Nakato akanilalia kifuani kwa kukatisha, mimi naelekea huku, yeye anaelekea kule, kama miti miwili ya msalaba. Akasema toka. Nikajiambia huyu mtoto nitampeperusha afike mtaa wa Kasubi huko. Nikamsukuma kwa mikono miwili, mikono hii iliyomrusha Lukogo. Hakwenda hata Nateete. Nikasukuma tena. Aliniwia mzito kama deni. Sijui uzito ule anauweka wapi akitembea. Basi nikafanya ile yetu, nikageuka nilale tumbo. Hapo hapo mkono wake ukaingia shingoni, ukafunga. Ningepiga vile vikofi viwili, lakini nilijiambia, mimi, nimwombe mtoto? Nikakaza. Yaya, nilimwona marehemu baba ananiuliza kama nimekula. Nikapiga kofi. Nilipiga sita, nisieleweke vibaya.

Akaniachilia, akanikalisha, akanipa maji. Akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo.

"Muzee, mgongo yako ikigusa chini hujakufa. Kazi ndiyo imeanza. Lakini ukigeuza tumbo unanipa kila kitu."

Kazi yenyewe iko hivi, nakueleza ili uwaeleze na wajukuu. Umelaliwa. Kwanza pumua, usipigane bado. Mkono mmoja, ule mfupa wa chini ya kiwiko, unauweka shingoni kwake. Kiwiko kingine unakiweka kwenye nyonga yake. Humsukumi, unamzuia tu asikumalize. Halafu unalala ubavu kidogo, unakanyaga chini, na unakivuta kiuno chako nyuma. Chako, si chake. Nafasi ikipatikana, hata ya kupitisha kiganja, unaingiza goti hapo. Goti likishaingia, yeye si mwenye nyumba tena.

"Usimwondoe," ananiambia kila siku. "Ondoka wewe."

Nilikuwa sielewi. Wiki nzima sielewi. Vijana wanakwenda nyuma sakafuni kwa viuno kama samaki waliomwagwa kwenye mtumbwi, mimi nabaki katikati kama gogo. Halafu siku moja nimelala pale nimechoka, nikakumbuka ule mkeka wetu. Unaukumbuka? Watoto saba, mkeka mmoja, na mimi nikiwa nimebanwa katikati, miguu ya huyu shingoni, kichwa cha yule tumboni. Ulikuwa unaniambia, usiwasukume watalia, sogeza kiuno. Nami naweka kiwiko, najipunguza, nasogea kidogo, nasogea tena, mpaka napata mahali pangu. Yaya, nilikaa kwenye lile godoro nikacheka peke yangu. Wabrazili wamevuka bahari yote kuja kunifundisha kulala na ndugu zangu.

Kiuno basi kikakubali. Lakini mgongo ulikataa. Kila nikilaliwa na mtu mzito kweli, mwili unageuka tumbo wenyewe kabla sijaamua. Unaogopa. Siku zikabaki chache, na kila asubuhi namwona Hajji anaongea na vijana wanaotafuta kazi, wana vifua, wana buti. Jioni moja Nakato akakaa karibu yangu akaniuliza, "Muzee, ni nani alikuweka chini?" Nikamwambia hakuna, hajazaliwa. Akasema dada yake pacha alikuwa anamkalia kila siku utotoni, ndiyo maana alitafuta mchezo huu. Akasema mtu ambaye hajawahi kuwekwa chini hawezi kuogopa hivi. Basi nikamwambia. Neno lile sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nitakuambia ni lipi, subiri.

Siku ikafika, Jumapili kama hii, baada ya chakula. Hajji alipanda juu na kanzu yake na kiti chake. Wabebaji wa mahindi walipanda. Mama Neema alifunga cherehani akapanda. Mimi nilidhani nitalaliwa na Nakato, lakini Hajji akasema hapana, huyu atamhurumia mzee. Akaangalia vijana wote, akamnyooshea kidole Musa. Musa ni mchinjaji wa sokoni. Asubuhi anabeba nusu ya ng'ombe begani na bado anaongea na simu. Anajifunza jujitsu ili apungue. Hajapungua.

Wakauliza muda. Hajji alikuwa na njaa. Akamwita yule muuza roleksi aliye chini ya ngazi, maana hapa wanakaanga mayai, wanayakunja ndani ya chapati, ndiyo roleksi. Akasema, "Kaanga yangu sasa. Ikiletwa hapa na mzee bado yuko chini, tumemaliza."

Musa akanilalia. Yaya, nilibeba magunia ya watu ujana wangu wote, lakini gunia halipumui masikioni mwako. Hewa ilitoka yote. Dari ikawa ndogo. Na huku chini namsikia yule mtu anapiga mayai kwenye kikombe, tiki tiki tiki, anapiga haraka, hajui kwamba anapiga maisha yangu. Mwili ukaanza kugeuka. Bega limeshanyanyuka, tumbo linaitafuta sakafu. Nikasikia Nakato, hata hakupaza sauti.

"Muzee. Lala."

Basi nikalala. Niliurudisha mgongo wangu chini mbele ya watu wote, bega moja, halafu la pili. Nikausikia umegusa. Wabebaji wakaguna wakidhani nimekata tamaa, Musa mwenyewe akalegea kidogo akidhani hivyo hivyo. Nikapumua. Pumzi ndogo, lakini ilikuwa yangu. Mfupa shingoni kwake. Kiwiko nyongani. Musa akabana, nikamwacha abane, abaki pale pale na nyama zake. Mimi nilikuwa naondoka. Kiuno nyuma, kidogo. Harufu ya vitunguu ikaanza kupanda ngazi. Kiuno tena. Niliwaona ndugu zetu wote kwenye ule mkeka. Kiuno tena, na hapo nikasikia upepo kati yangu na yeye, mwembamba, wa kupitisha kiganja. Nikaingiza goti.

Ikabaki kusimama. Nilisimama kwa hatua nne, maana nyonga zina umri wake, lakini nilisimama. Muuza roleksi akatokea mlangoni na sahani, akashangaa watu wanampigia makofi yeye.

Hapa Mama Neema anasema niseme ukweli, kwamba Musa hakukaza sana. Mama Neema hakuwa chini, mimi nilikuwa chini. Andika hivyo.

Hajji akaipokea sahani yake. Aliikata ile roleksi katikati, akanipa nusu. Akasema, "Kula, mlinzi." Tukala tumesimama. Mpaka leo nikiikumbuka ile nusu, mdomo unapata mate na macho nayo yanapata.

Kwa hiyo kitanda kiko pale pale, na picha yako iko pale pale. Vijana hawaniiti tena Jjajja tu, wananiita Jjajja Kiuno, na mimi nawafundisha wageni kulala chini, nikiongeza mambo mawili matatu. Namshukuru Hajji aliyengoja mwezi. Namshukuru Musa, akaze au asikaze. Nakato namshukuru kila asubuhi, naye kila asubuhi ananiambia nivute kiuno zaidi.

Lakini shukrani kubwa nimeiweka huku mwisho, na ni yako. Mwalimu, hapa ndipo niliposema usiparuke.

Yaya, unajua mgongo wangu uliona mchanga. Nilikuwa na miaka kumi au chini ya hapo. Mvua ilinyesha milimani, Mulongwe ikashuka na mawe na miti, na mbuzi wangu mweusi alikuwa amefungwa ng'ambo. Nilitaka kuvuka. Ulinikamata pale pale mchangani, ukaniangusha chali, ukanilalia kifuani kwa kukatisha, vile vile kama Nakato. Nilikuuma mkono. Nilikutukana matusi ambayo sikujua maana yake. Hukunyanyuka mpaka maji yalipopita. Halafu ukanipangusa mgongo kwa kitambaa chako cha kichwa, na nikakuapisha usimwambie mtu kwamba mwanamke amenilaza. Ukaapa.

Na hukusema. Miaka yote hii nimejisifu mbele yako, kwenye misiba, kwenye harusi, Lukogo akiwepo, wewe uko pale unachambua maharage, na hukunyanyua hata macho. Neno moja lako lingenimaliza, na hukulisema. Nilidhani ni mimi niliyekuwa na nguvu.

Basi nimekufungua. Waambie. Waambie wote waliokaa hapo, na Lukogo mwambie kwa sauti, masikio yake na yako ni ndugu. Ukiacha mazoezi, mgongo wangu umegusa chini mara mbili, na mara ya kwanza ni Yaya Nabintu aliyeugusisha.

Nisalimie mwalimu Bahati aliyesoma bila kuparuka. Nisalimie binti yako, mpishi wa sombe ya majani ya muhogo, mwambie ya hapa wanaiharibu. Nisalimie wifi yako, mjane wa kaka, na wale mapacha wa jirani yako, waambie wa pili asiogope. Lukogo msalimie tu, asije akaruka tena.

Nami naomba magoti yako yapone. Nikija tutarudiana pale pale mchangani, wewe juu, mimi chini, maana sasa najua kutoka. Siku ile sikujua. Kila ninapovuta kiuno kwenye lile godoro ninamshukuru Mungu kwa hilo, kwamba siku ile hakuna mtu aliyekuwa amenifundisha.

Mdogo wako wa mgongoni,
Byamungu, mlinzi wa geti la Hajji